Shamba limenuka kama choo: je, urea yangu ni feki?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nalima mahindi ekari mbili hapa Mbozi. Juzi nilikuzia kwa mbolea ya urea, kizibo kimoja cha soda kila shina, nikaiacha juu juu maana vibarua walishachoka. Udongo ulikuwa na unyevunyevu, halafu mvua ikakata. Siku ya tatu shamba likanuka kama choo cha stendi. Nikaloweka kidogo kwenye ndoo, maji yakapoa kama ya mtungini. Jirani anasema nimeuziwa feki. Ni kweli? (Msomaji, Mbozi)

JIBU: Marahaba, mama. Mbolea yako ni urea kweli, ila hasara umeipata.

Nianze na ndoo. Urea ikiyeyuka hufyonza joto la maji, ndiyo maana yakapoa. Mchanga hauwezi kufanya hivyo, na chumvi ya jikoni hupoza kidogo mno. CAN, ile mbolea nyingine ya kukuzia, nayo hupoza, kwa hiyo ndoo peke yake isingenitosha. Shahidi wangu ni hiyo harufu.

Urea kavu hainuki. Ikikutana na unyevu, kimeng'enya kiitwacho yurease, ambacho kimejaa kwenye udongo na hasa kwenye mabua yanayooza, huivunja ikawa amonia, gesi ile inayonuka, na hewa ukaa. Wakati huo udongo unaoizunguka punje hugeuka kama wa magadi, na katika hali hiyo amonia haikai, inapaa. Ingekuwa chini, udongo ungeidaka. Chooni ni kisa hichohicho, maana urea imo kwenye mkojo wetu. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara, akamwandikia mwalimu wake Berzelius kwamba sasa anapata urea bila figo ya mtu wala ya mbwa. Kila nilipofundisha hapo, darasa lilicheka.

Ujue pia ulichopoteza, yaani naitrojeni, chakula cha mahindi. Piga hesabu ya uzito wa atomi za urea kama wanafunzi wangu: kaboni 12, oksijeni 16, naitrojeni mbili 28, haidrojeni nne 4, jumla 60. Naitrojeni ishirini na nane kwa sitini ni karibu asilimia 47. Mfukoni wanaandika 46. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na sehemu yake ndiyo uliyokuwa ukiinusa ikiwa amonia.

Safari ijayo chimba kishimo pembeni ya shina, kina cha vidole vitatu hivi, weka, fukia. Usiigusishe na shina, itaunguza. Vibarua wakichoka, ngoja siku mvua ya maana inakuja, iizamishe yenyewe. Umande hautoshi, huo unaiyeyusha tu na kuiacha palepale juu.

Kama kuna iliyobaki, funga mfuko vizuri, na usije ukaichanganya na CAN ukidhani unaongeza nguvu. Mimi mwenyewe, mwalimu wa kemia, nilichanganya beseni zima jioni nikaliacha stoo. Kila moja peke yake huvumilia hewa yenye unyevu kiasi, lakini zikiwa pamoja hunyonya maji hata kwenye hewa tunayoiona kavu. Asubuhi nilikuta uji. Mama watoto akauliza kama ninywe na sukari au bila. Nikauzimua kwa maji mengi, nikaimwagia migomba.