Mtetemo Ukishuka, Msishangilie Kwanza

Wadogo zangu mliotoka kwenye karakana za Tanga kwenda kwenye vituo vya umeme wa gesi vya Ubungo na Kinyerezi, nimezisoma ripoti zenu za mwanzo, na kuna sentensi moja ambayo siwezi kuiacha ipite: "Mtetemo umeshuka, hali ya mtambo ni nzuri." Waliowatangulia waliandika hivyo hivyo. Naelewa mlikoitoa. Kwenye feni za viwandani na pampu za maji mlizojifunzia hapa, beringi ni za mipira au za roli, nguvu za rota hufika kwenye nyumba ya beringi bila kupotea sana, na namba ya milimita kwa sekunde ikipungua baada ya kubalansi, kwa kawaida kazi imefanyika vizuri. Tabia hiyo mkiihamishia kwenye shafti nzito inayoelea juu ya utando wa mafuta, itawaponza.

Kwanza, ijueni mashine iliyo mbele yenu. Tabaini zilizotokana na injini za ndege hutumia beringi za mipira na roli, na kiwango cha ISO 20816-4, ambacho mnakinukuu kila mahali, hakizihusu kabisa. Kinahusu tabaini za gesi zenye beringi za mafuta, zinazozidi megawati 3. Jenereta iliyofungwa kwenye tabaini hiyo hiyo ya asili ya ndege huelea juu ya mafuta. Basi ndani ya jengo moja mnahitaji macho ya aina mbili.

Pili, someni badiliko kabla ya kusoma ukubwa. Kwa tabaini za gesi zenye beringi za mafuta, mipaka ya kanda A, B, C na D (A ni mtetemo mdogo kabisa, D ni wa hatari) kwenye nyumba ya beringi ni 4.5, 9.3 na 14.7 mm/s, na hiyo mnaikariri kama wimbo. Kifungu kinachofuata ndicho msichokisoma: badiliko linalozidi robo ya mpaka wa B na C, yaani takribani 2.3 mm/s, linapaswa kuchunguzwa hata kama mashine ingali kanda A, na linapaswa kuchunguzwa liwe la kupanda au la kushuka.

Hilo la kushuka lina kisa chake, nacho nitakieleza kwa urefu kwa sababu niliitwa kuzisoma kumbukumbu zake baada ya hasara kutokea. Katika kituo kimoja, jenereta ya mizunguko 3000 kwa dakika ilirudishwa kazini baada ya matengenezo makubwa. Mafundi waliipanga shafti yake na ya tabaini kwenye mstari mmoja mashine ikiwa baridi, wakalenga mstari ulionyooka kabisa, bila kuacha zile tofauti ndogo ambazo mtengenezaji huagiza ziachwe kwa kuwa nyumba za beringi hupanda kwa viwango tofauti zinapopata joto. Mtambo ulipopewa mzigo na kupata moto, beringi moja ikabebeshwa uzito usio wake. Mtetemo kwenye beringi hiyo ukashuka sana kuliko ulivyokuwa kabla ya matengenezo, na katika kikao cha asubuhi zamu ikapongezwa. Shafti ile ilikuwa kama abiria aliyebanwa kwenye daladala iliyojaa: hatikisiki, wala hilo si dalili ya raha. Obiti yake, yaani njia ambayo katikati ya shafti huichora inapozunguka, kabla ya hapo ilikaribia duara; sasa ilikuwa imebanwa ikawa bapa.

Kinachoniumiza ni kwamba ushahidi wote uliandikwa. Kila zamu ilijaza safu ya volti ya nafasi ya sensa za shafti, kwa mwandiko safi, na hakuna aliyeilinganisha na ya wiki iliyopita. Sensa ya kawaida ya aina hiyo hutoa volti 7.87 kwa milimita, kwa hiyo badiliko la volti 1 maana yake ni kwamba katikati ya shafti pamehama mikroni 127 hivi kuelekea kwenye sensa au kuikimbia. Joto la metali ya beringi nalo lilikuwa likipanda pole pole, lakini lilihifadhiwa kwenye kompyuta ya waendeshaji, nao waliopima mtetemo hawakuifungua. Kengele ilipolia, ilikuwa ya joto, na mtetemo ulikuwa bado mzuri. Walipoifungua beringi walikuta metali nyeupe, ile laini inayofunika uso wa ndani wa beringi, imeburutwa upande mmoja na shafti imekwaruzwa. Aliyesaini ripoti zile alikuwa mhandisi hodari, kuliko wengi wetu, na ndiyo maana nawasihi msidhani kwamba akili peke yake itawakinga.

Tatu, andikeni mzigo, joto la mafuta na fezi (pembe ya mtetemo ikipimwa kutoka alama iliyo kwenye shafti) kando ya kila kipimo, kwa sababu namba iliyochukuliwa kwenye nusu ya mzigo hailinganishwi na ya mzigo kamili.

Nne, mashine ya mizunguko 3000 hutetema kwa hezi 50, na gridi yetu ni ya hezi 50, kwa hiyo waya wa sensa uliounganishwa na adi (ardhi) pande zote mbili unaweza kuwaonyesha kukosa balansi kusikokuwepo. Itazameni mashine inapozimwa: mtetemo wa kweli hufuata mizunguko ikishuka, uchafu wa umeme hubaki pale pale kwenye 50. Msikubali mtu aongeze uzani wa balansi kabla ya jaribio hilo.

Tano, sensa ya kushika kwa mkono msiiamini juu ya hezi 1000 hivi, na sumaku msiiweke juu ya rangi iliyobanduka.

Ripoti ijayo ya kila mmoja wenu ninayoitaka iwe na ukurasa mmoja kwa kila beringi ya mafuta: mtetemo, fezi, volti ya nafasi, joto la metali na mzigo, vyote vikichorwa juu ya mhimili mmoja wa muda, kuanzia siku mashine ilipotoka kwenye matengenezo. Mkikuta kimoja kinashuka na kingine kinapanda, nipigieni simu kabla hamjaandika neno "nzuri".