Barua kwa mwanangu: rili za zamani na asiyeonekana kwenye picha

Mwanangu,

Umeniuliza utatengenezaje filamu fupi ya ukumbusho kutokana na zile rili za Super 8 (ukanda wa filamu wa milimita 8 wa kamera za nyumbani) ulizokabidhiwa, bila kuharibu ukanda wala kumtonesha kidonda mzee atakayezisimulia. Nianze na ukanda, maana huo hauna wa pili.

Usiupitishe kwenye projekta. Ukanda uliokaa miaka mingi husinyaa, matundu yake hayaoani tena na meno ya mashine, basi huchanika. Ukikwama mbele ya taa, fremu, yaani ile picha moja iliyo hapo, huungua pale pale. Fungua kopo kwanza, unuse. Harufu ya siki ni dalili kwamba asetati, plastiki ya ukanda wenyewe, inaoza. Rili hiyo itenge, mvuke wake huambukiza nyingine, na iwe ya kwanza kuskaniwa, yaani kunakiliwa kwenye kompyuta. Shika kingo tu, na usiufute kwa maji: hulainisha upande wenye picha, ule usiong'aa. Super 8 ilitoka 1965. Ukikuta yenye matundu makubwa zaidi, hiyo ni milimita 8 ya zamani, mwambie fundi.

Fundi huyo awe anayeskani fremu moja moja, na mwulize mwendo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Rili ya mita 15 ina fremu kama 3,600, na kamera nyingi za nyumbani zilipiga 18 kwa sekunde, yaani dakika 3 na sekunde 20. Ukiichezesha kwa 25, mwendo wa video nyingi, inaisha kwa dakika 2 na sekunde 24, na marehemu anatembea mbiombio kama kikaragosi. Watu watacheka mahali pasipo pa kuchekea.

Rili nyingi ni bubu, kwa hiyo sauti ni kazi yako. Mwonyeshe mzee picha, maikrofoni iwe kama shubiri moja kutoka kidevuni. Usimwulize alijisikiaje, swali hilo humfunga mtu mdomo. Uliza vitu: kile kiti kilikuwa cha nani, gauni lile alilishona nani, kamera ameishika nani. Hilo la mwisho usiliache. Katika rili za familia anayepiga haonekani, na pengine ndiye huyo asiyetajwa. Utamkuta kwenye kivuli cha kichwa kilicholala majanini, au pale picha inapotikisika mtoto akimkimbilia. Fremu hizo usizitulize kwa programu.

Mzee akinyamaza, nawe nyamaza, mashine iendelee kurekodi. Kabla hujaondoka rekodi sekunde 60 za chumba kikiwa kimya. Utazihitaji kwenye kuhariri, kwani pengo lisilo na sauti yoyote husikika kama spika imekufa.

Muziki weka mwisho kabisa, mimi nisingeweka. Na ule mwanga wa rangi ya chungwa unaomeza picha rili ikielekea kuisha, fundi atataka kuukata. Mkataze.

Mama yako