Meseji za wasomaji: ninavyozijibu bila kuacha kuandika

Mkuu, umeuliza ufanyeje: ukijibu meseji za wasomaji huandiki, usipojibu unaambiwa unaringa. Nimepita hapo hapo. Naandika hadithi za mfululizo tangu enzi za kuweka namba ya simu gazetini chini ya "Itaendelea", na sasa nauza sehemu moja moja WhatsApp. Kuna wakati nilimaliza miezi miwili bila kutoa sehemu hata moja, kutwa niko kwenye simu naandika "asante, ubarikiwe".

Kwanza tenganisha laini. Namba yangu ya wasomaji iko kwenye simu yake, inakaa kabatini mpaka saa kumi alasiri. Asubuhi ni ya kuandika. Saa kumi naitoa, najibu kwa muda wa saa moja na nusu, narudisha. Usiku simjibu mtu. Ukimjibu mmoja saa tano usiku, kesho yake wanakuja kumi.

WhatsApp ya biashara ina lebo, zitumie. Aliyelipia na hajapata sehemu yake ndiye wa kwanza, hela ya mtu haichezewi. Wa "inaendelea lini?" wahifadhie jibu la haraka, unabonyeza alama ya mkwaju (/) na neno moja, jibu linajileta lenyewe. Ila ukisema Ijumaa iwe Ijumaa kweli, maana maswali mengi ya namna hii tunayaleta wenyewe kwa kukosa ratiba. Orodha ya matangazo nayo, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, inabeba watu 256, na ambaye hajasevu namba yako haimfikii. Waambie mapema.

Wanaoomba uwapitie miswada, kataa kwa heshima. Mimi nilikuwa napokea yote, mpaka mmoja akaona mhusika wangu anafanana na wake, akanitangaza kwenye magrupu kuwa nimemwibia. Faili lake sikuwa hata nimelifungua. Iliniuma sana.

Halafu zipo zinazotaka mkono wako mwenyewe. Mzee mmoja aliyeko Maskati aliniandikia: "Mwanangu, jahazi la kwenye hadithi yako limeng'oa nanga Unguja mwezi wa Januari kuja huku. Hiyo kaskazi itakuwa inalipiga usoni njia nzima. Manahodha walikuwa wakingoja kusi." Alikuwa sahihi kabisa: kaskazi ni upepo unaotoka kaskazini, kusi ndio unaosukuma chombo kwenda huko. Safari nikaihamishia Aprili, kusi ikianza, nikampigia kumshukuru. Tangu siku hiyo kila nikiandika habari za bahari namtumia yeye kwanza. Msomaji kama huyo ukimpa jibu la kuhifadhiwa umempoteza, na hadithi yako imepoteza pia.

Na zipo za maumivu. Binti mmoja alinitumia sauti ya dakika nne. Anaongea chini chini, nyuma yake bomba la maji limefunguliwa, nadhani ili walioko ndani wasisikie. Alisema yule mtoto wa kwenye hadithi yangu anayepigwa na baba wa kambo ni yeye. Nilimuuliza kwanza kama simu anaishika peke yake. Aliposema ndiyo, nikamwambia namwamini, nikampa 116, namba ya msaada kwa watoto ambayo kuipiga ni bure, na nikamweleza kuwa polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Sikujifanya mshauri, sina elimu hiyo. Tuliwasiliana mpaka aliponiambia kuna mtu mzima wa ukoo amemchukua.

Lakini ile sauti aliituma saa mbili asubuhi, mimi nikaisikia saa kumi. Muda wa saa nane nzima mtoto anasubiri, simu iko kabatini. Ndiyo maana siku hizi mdogo wangu anaipitia saa nne na saa saba, na wasomaji nimewaandikia wazi kwenye wasifu kwamba tuko wawili tunaosoma. Hajibu chochote. Anatafuta za namna hiyo tu, na akiipata anagonga mlango hata kama niko katikati ya sentensi.