Jeli ya adapalini hupakwa uso mzima
Je, jeli ya adapalini, dawa ya chunusi, hupakwa kwenye kipele kimoja kimoja tu? Hapana. Adapalini huzuia vitundu vya ngozi kuziba, kwa hiyo hupakwa uso mzima, usiku, kiasi cha punje ya njegere tu. Osha uso, uache ukauke kabisa, kisha paka ukikwepa macho, midomo na pembe za pua. Kuzidisha hakuharakishi kitu, utajichubua bure. Wiki za mwanzo chunusi zinaweza hata kuongezeka, usiache; matokeo huja baada ya wiki 8 hadi 12. Ikiwasha sana, ruka siku moja moja. Mchana paka losheni ya kukinga jua, yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 au zaidi. Mjamzito, au anayetafuta mimba, asiitumie.