Re: Nimepoteana na wenzangu wa Utalii College, nianzie wapi?

Dada, nimekusoma. Ulimaliza Utalii, chuo chetu cha hoteli na utalii, ukaenda Doha, sasa umerudi Nairobi unatafuta kazi na unaona haya kuingia tena grupu la WhatsApp juu ulitoka bila kuaga. Hiyo haya iache kabisa. Mimi nilinyamaza miaka sita, na siku nilipoibuka wa kwanza kunijibu ni jamaa tuliyekuwa tunapanga naye meza Utalii Hotel, hoteli ya mafunzo ya chuo, tukipima nafasi ya uma kwa kidole gumba, akaniuliza tu, "bado unakunja vitambaa kama chapati?"

Usianze na grupu, na usitume CV kwanza. Pigia mmoja mliyechomeka naye jikoni, ongeeni ya nyumbani, kazi itajileta yenyewe. Chuo kinafundisha tangu 1975 kwa hivyo kuanzia Diani hadi Mara hukosi mwenzetu. Mchango wa msiba ukipita toa hata mia mbili, watu hukumbuka sana (arusi nazo, we jipime).

Ila mtu akikuahidi kazi ya Gulf na anataka pesa ya viza mbele, hata kama ni klasimeti, angalia kwanza kama hiyo ejensi imesajiliwa na NEA, mamlaka ya serikali ya ajira.