Mbunge mbishi anaweza kupenya hadi kuwa mgombea urais wa CCM?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mwanachama wa CCM, kadi ninayo na ada nalipa. Kuna mbunge wa chama chetu ambaye hapindishi maneno, waziri akikosea anamwambia laivu bungeni hata kama ni wa chama chake, na huku mtaani watu wanampenda kupita maelezo. 2030 mama, yaani Rais Samia, anamaliza, kiti kinakuwa wazi. Swali langu ni la kitaalamu sio la kishabiki: kwa taratibu zilivyo, mtu wa namna hiyo anaweza kushinda uteuzi wa chama? Na kama wanachama wengi tunamtaka, kuna kifungu cha kuzuia asikatwe?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Naanza na mwisho wa swali lako maana ndo penye uzito. Kifungu hicho hakipo. Hakuna sehemu, si kwenye Katiba ya nchi wala kwenye katiba ya chama, inayosema anayependwa na wanachama wengi lazima jina lake lifike kwenye kura. Wewe kama mwanachama wa kawaida hupigi kura ya kumchagua mgombea urais, na hili watu wengi wenye kadi hawalijui kabisa hadi siku jina la mtu wao linapokatwa ndo wanaanza kuuliza kura zetu ziko wapi.

Kuhusu 2030 uko sahihi. Ibara ya 40(4) ya Katiba ya nchi inasema Makamu akirithi urais wakati kimebaki kipindi cha miaka mitatu au zaidi, anaruhusiwa kugombea mara moja tu. Rais Samia aliapishwa Machi 2021, kipindi kilikuwa kimebaki zaidi ya miaka minne, kwa hiyo 2025 ndo ilikuwa mara yake hiyo moja. Na ibara ya 39 inataka mgombea urais awe mwanachama wa chama na amependekezwa na chama, kwa hiyo mtu wako hana njia ya kusema basi nitasimama mwenyewe. Marehemu Mchungaji Mtikila alipigania hilo la mgombea binafsi kwa miaka karibu ishirini, akashinda mpaka kwenye Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2013, na hadi leo ibara haijabadilishwa. Wenzetu Kenya Katiba yao ya 2010 inamruhusu mtu asimame bila chama, akipata wadhamini wasiopungua 2,000 kutoka kila kaunti katika kaunti zaidi ya nusu. Huku kwetu mlango ni mmoja, chama.

Sasa tuingie kwenye chama. Utaratibu wa kawaida wa CCM ni hivi, mtu anachukua fomu, anatafuta wadhamini mikoani, anarudisha, halafu jina linapita Kamati ya Usalama na Maadili, linaenda Kamati Kuu ambayo inabakiza majina yasiyozidi matano, hayo yanaenda Halmashauri Kuu ya Taifa inapiga kura yanabaki matatu, na matatu hayo ndo yanapelekwa Mkutano Mkuu wenye wajumbe wa nchi nzima. Wengi wanaangalia Mkutano Mkuu, ule ukumbi mkubwa wa Dodoma na vigelegele vyake, wanafikiri pale ndo vita ilipo. Vita inakuwa imeisha zamani. Mwanasiasa mbishi anafia kwenye chumba kidogo, kile cha Kamati Kuu, na kule hakuna kura ya wazi ya kushinda kwa kupendwa, kuna watu wachache wanaokaa mezani na mwenyekiti ambaye kwa kawaida ndo Rais aliyeko madarakani, na ambaye ndiye pia anaongoza kikao cha Halmashauri Kuu na cha Mkutano Mkuu wenyewe. Fikiria mtu ambaye ametumia miaka mitano kuwaumbua mawaziri, halafu anapeleka jina lake kwa watu wale wale au marafiki zao wa karibu.

Angalia 2015, maana pale tuliona kila kitu wazi. Wanachama 42 walichukua fomu, 38 wakarudisha. Edward Lowassa, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, alikuwa ndo mwenye nguvu kuliko wote, alizunguka mikoa yote na kila alipokwenda watu walijaa, orodha yake ya wadhamini ilizidi mbali sana idadi iliyotakiwa, na kwenye Halmashauri Kuu alikuwa na watu wengi mno. Ila jina lilikatwa Kamati Kuu. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka wakasema hadharani kwamba hawakubaliani na mchujo ule, na Halmashauri Kuu ilipokutana wajumbe waliimba kuwa wana imani na Lowassa mbele ya mwenyekiti. Waliimba, lakini karatasi ilikuwa na majina matano tu na la kwake halikuwepo: Bernard Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali na John Magufuli. Hapo naomba utulie kidogo, maana ndo jibu lako lilipo. Wale wajumbe hawakuwa na kifungu cha kurudisha jina lililokatwa, walichobaki nacho ni hasira na kura, na hasira yao wakaimalizia kwenye kura. Membe aliyedhaniwa ndo chaguo la wakubwa hakuingia tatu bora. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina 253, Migiro 59.

Watu wananiambia basi Magufuli ndo ushahidi kwamba mbishi anaweza kushinda. Hapana, na hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu ukikosea hapa utakosea kila kitu. Magufuli kabla ya 2015 hakuwa mbishi ndani ya chama. Alikuwa waziri toka enzi za Mkapa, mkali kwa makandarasi, mkali kwenye mizani, lakini chama hakikuwahi kumsikia akipinga msimamo wake, hakuwa na kundi, hakumtukana mtu, hakuwa ametengeneza mtandao wa kuutaka urais. Kundi la Lowassa lingeweza kumvumilia, kundi la Membe lingeweza kumvumilia. Ukali wake kwa wenzake ndani ya chama tuliuona akiwa tayari Ikulu. Kwa hiyo kinachopenya pale makundi makubwa yakigongana ni mtu asiye na uadui na yeyote, na mbunge wako kwa jinsi unavyomweleza ana maadui kila benchi la mbele.

1995 nayo ilikuwa na sura hiyo. Kina Malecela na Lowassa walikatwa mapema, na inajulikana Mwalimu Nyerere hakumtaka Lowassa ingawa yeye hakuwa tena mwenyekiti. Wakabaki Kikwete, Mkapa na Msuya. Raundi ya kwanza Kikwete aliongoza, ya pili Mkapa akashinda kwa kura 686 dhidi ya 639. Tofauti ya kura 47! Ukumbi mkubwa unaweza kweli kuwa na ushindani wa haki kabisa, mimi sina shida nao, shida ni nani anaruhusiwa kuufikia. Na mwaka huo huo mbishi halisi wa CCM, Augustino Mrema, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu na kipenzi cha wananchi nchi nzima, hata hakufika kwenye mchujo, alipokosana na serikali akatoka akaenda NCCR-Mageuzi.

Halafu kuna ibara ya 71 ya Katiba ya nchi, ambayo mbunge wako anaijua kuliko wewe na mimi. Mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge umekwisha. Maana yake chama kikimfukuza kinamnyang'anya na jukwaa. Kwa hiyo kila mbishi anabishana akiwa na kamba shingoni, na urefu wa kamba hiyo anaupanga mtu mwingine. Mwaka 2014 chama kiliwapa onyo makada sita wakiwemo Lowassa, Membe, Sumaye na Makamba kwa kuanza kampeni mapema, wakatakiwa wakae kimya miezi 12. Membe alifukuzwa kabisa Februari 2020, kabla hata fomu hazijatoka. Luhaga Mpina, ambaye ndo mfano wa karibu zaidi na huyo wa kwako, alisimamishwa vikao 15 mwaka 2024 baada ya kumtuhumu Hussein Bashe, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, kwamba amelidanganya Bunge kwenye suala la sukari, na 2025 jina lake halikurudi hata kwenye ubunge wa Kisesa, yaani alikatwa jimboni, urais tusiongelee.

Na hata njia hiyo ya vyumba vinne niliyokueleza sio lazima ifuatwe. Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalumu uliitwa Dodoma, ajenda iliyotangazwa ilikuwa kujaza nafasi ya Makamu Mwenyekiti, wajumbe wakaleta azimio humo humo, na likapita kwamba mgombea ni Rais Samia, miezi mingi kabla ya wakati uliozoeleka wa fomu. Mimi kama mwanasheria sikupenda, na nasema hivyo bila kuficha, kwa sababu utaratibu ukiandikwa na ukazoeleka miaka thelathini halafu ukarukwa kwa azimio la siku moja, mwanachama anabaki hana pa kushika. Kuna waliohoji na yaliyowakuta tuliyaona. Mahakamani nako si rahisi, mahakama zetu kwa ujumla hazipendi kuingia kwenye mambo ya ndani ya chama na zinataka kwanza umalize ngazi zote za chama, ambazo ni zile zile zilizokukata.

Najua utauliza mbona Marekani Trump alishinda 2016 na wakubwa wengi wa Republican walikuwa hawamtaki. Kule ni mfumo tofauti kabisa, anayepiga kura ya uteuzi ni mwananchi wa kawaida jimbo kwa jimbo, na wajumbe wa mkutano mkuu wanafungwa na matokeo hayo, alihitaji wajumbe 1,237 akawapata ingawa kura za wananchi alizopata hazikufika nusu. Wakubwa walimpinga hadharani lakini hawakuwa na chumba cha kumkatia. Ukitaka mfano wa nyumbani wa mtu mwenye maneno makali kushinda ndani ya chama chake, angalia Chadema Januari 2025, Tundu Lissu kura 513, Freeman Mbowe aliyekuwa mwenyekiti 482, kura zinahesabiwa usiku kucha watu wanaangalia. Ile ilikuwa nafasi ya uenyekiti sio urais, ila imeonyesha mbishi akifikishwa kwa wajumbe anaweza kumshinda hata mwenyekiti wa miaka mingi. Wajumbe sio watu, ndo maneno ya mtaani, lakini wajumbe wanaweza kuwa msaada wa pekee wa mbishi kama akiwafikia.

Atoke basi aende chama kingine? Namba ziko hivi. Mrema 1995 alipata karibu asilimia 28. Lowassa 2015 akiwa na Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, alipata asilimia 39.97, kura milioni sita na zaidi, hakuna mpinzani aliyefika huko kabla yake, halafu 2019 akarudi CCM. Membe 2020 akiwa ACT-Wazalendo hakufikisha hata kura laki moja. Mpina 2025 aliteuliwa na ACT, Tume ya Uchaguzi ikamzuia, Mahakama Kuu ikamrudisha, Tume ikamwondoa tena, hakuwepo kwenye karatasi ya kura. Kutoka ni haki yake, lakini tusimdanganye kwamba huko nje kuna barabara ya lami.

Kwa hiyo kitaalamu: inawezekana kwa maandishi, kwa vitendo nafasi ni ndogo sana, isipokuwa yatokee mambo mawili kwa pamoja. Moja, vigogo wa 2030 wagombane hadi kila kundi liogope la mwenzake kuliko linavyomwogopa yeye. Pili, awe na watu wake ndani ya Kamati Kuu na Halmashauri Kuu, sio mtaani, sio mitandaoni, ndani. La kwanza hana uwezo nalo. La pili ana uwezo nalo, na hata wewe unao, na ajabu ni kwamba wapenzi wa wanasiasa wa aina hii hawaligusi kabisa.

Uchaguzi wa ndani wa CCM hufanyika kila miaka mitano, ulifanyika 2017, ukafanyika 2022, unaofuata ni 2027. Pale ndo wanapatikana wajumbe kuanzia shina, tawi, kata, wilaya, mkoa hadi taifa, na hao ndo watakaokuwa wamekaa vitini 2030 jina la mtu wako likija au lisipokuja. Kumbuka pia mageuzi ya Machi 2017, Halmashauri Kuu ilipunguzwa kutoka wajumbe 388 hadi chini ya nusu yao na Kamati Kuu kutoka 34 hadi 24, meza imekuwa ndogo na kila kiti kimekuwa na thamani kubwa zaidi kuliko enzi za Lowassa. Watu wanakuja kwangu mwaka wa uchaguzi mkuu wenyewe, mwezi Juni au Julai, wanataka nifungue kesi, wakati viti vilishagawanywa miaka mitatu nyuma na wao siku ile hawakuhudhuria hata kikao cha tawi.

Kwa hiyo kama uko serious na huyo mbunge, nenda kwa katibu wa tawi lako, hakikisha jina lako liko kwenye rejista na ada yako imeandikwa, omba nakala ya katiba ya chama toleo la sasa na kanuni za uchaguzi uzisome mwenyewe, halafu ulizia fomu za uongozi wa tawi na za mjumbe wa mkutano mkuu wa wilaya zinaanza kutolewa lini 2027.