Maswali yenu: Kichwa kinachokataa dawa

Daktari, shikamoo. Kipandauso kimenishika siku ya nne sasa. Panadol na diklofenaki nimemeza, sipati nafuu. Niendelee kusubiri? (Kongwa)

Marahaba, mwanangu. Nenda leo. Kipandauso kikipita saa 72 hakisubiriwi nyumbani. Tumbo nalo hufanya kazi polepole wakati huo, kidonge kinakaa humo bila kuingia kwenye damu vizuri, ndiyo maana utachomwa sindano na pengine kuwekewa dripu. Beba karatasi zote za vidonge ulivyomeza, hata zilizo tupu. Ukishameza diklofenaki nyingi kisha ukachomwa ketorolaki, sindano ya maumivu ya jamii hiyohiyo, juu yake, tumbo na figo vinaweza kuumia.

Mume wangu alipelekwa hospitali usiku, kichwa kinampasuka. Wakamchoma dawa ya kuzuia kutapika! Walimpuuza? (Dodoma mjini)

Hawakumpuuza, mama. Metoklopramidi tumeizoea kwa kutapika, lakini ni miongoni mwa dawa za mwanzo kabisa za kipandauso kikali. Inazuia dopamini, kemikali ya kupeleka taarifa, kwenye ubongo, na maumivu hushuka hata kwa asiyetapika. Kawaida ni miligramu 10 kwenye mshipa, na nawasihi wenzangu wa zamu: iingie taratibu, kama dakika 15. Ikisukumwa haraka, mgonjwa anaweza kushikwa na wahaka, miguu haitulii, anataka kung'oa dripu aondoke. Ndugu msidhani amechanganyikiwa. Mwiteni nesi, dawa ya kumtuliza ipo.

Wengine huongezewa deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ili kichwa kisirudi siku zinazofuata. Pethidini na morfini, dawa kali za maumivu ambazo ndugu huzidai kwa nguvu, mimi sizipendi kwa kipandauso: maumivu hurudi upesi na mwili huzizoea.

Sindano ya sumatriptani, ile ya kipandauso, inamfaa kila mtu? (Singida)

Hapana. Miligramu 6 chini ya ngozi husaidia sana, hasa ikiwahi, lakini inabana mishipa ya damu. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa, asichomwe.

Nanunua vidonge duka la dawa karibu kila siku, kichwa hakiishi. (Manyoni)

Hapo dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayoleta kichwa. Dawa za kawaida za maumivu ukizitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, hilo hutokea. Zenye kafeini au kodeini ndani yake, hata siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta tatizo hilo. Mwone daktari akupangie namna ya kuziacha na dawa ya kuzuia kichwa kisianze. Siku chache za mwanzo kichwa kitazidi, vumilia.

Mjamzito akiumwa sana kichwa ameze nini? (Mpwapwa)

Mimba ikishapita wiki 20, kabla ya kidonge chochote apimwe presha na mkojo. Akiona vimulimuli au akivimba uso, huenda ni dalili ya kifafa cha mimba, na hapo dawa anayohitaji ni magnesiamu salfeti, ya kuzuia degedege, pamoja na ya kushusha presha. Mpelekeni usiku huohuo, msingoje kupambazuke.